Nyimbo za Hoteli na Nyimbo za Baa

 

Ndugu zetu Waislamu, yatujia masuala mengi katika darasa letu hili la Kyuso, na mengi katika hayo ni ya twahara, na saumu, na mirathi, ambayo majibu yake yamo vitabuni wala hayamchoshi mwenye kuyatafuta. Lakini mwezi uliopita tuliletewa masuala mawili ambayo kwa dhahiri yake yalikuwa madogo, nasi kwa haraka yetu tukayajibu kama madogo. Katika moja tulikosea, na katika la pili hatukujibu kitu. Twaandika waraka huu kwanza kwa ajili ya kulitengeza kosa letu, kwani aliyekosea mbele za watu haimfai kutubia chumbani.

Suala la kwanza lililetwa na ndugu yetu mmoja aliyefungua hoteli ya chai karibu na stendi ya magari. Mji wetu, kwa wasomaji walio mbali, u njiani baina ya Mwingi na Tseikuru, katika nchi ya jua kali na mvua chache, na msafiri hufika hapa amejaa vumbi na koo limemkauka. Wateja wa ndugu yetu ni madereva, na wachuuzi wa mbuzi, na walimu, na makarani wa serikali, na wengi wao si Waislamu. Akatuambia: "Masheikh zangu, watu hawa wataka sauti. Hoteli iliyo kimya waiona kama nyumba ya matanga. Jirani yangu afungulia Musyi FM tangu alfajiri, na benga za Kikamba mpaka anapofunga mlango. Mimi niwawekee nini?"

Nasi bila ya kufikiri tukamwambia: weka Kurani. Tukamtilia katika flashi juzuu zote thalathini, akainunulia spika mbili, na sote tukatoka tumefurahi kana kwamba tumeufungua mji.

Suala la pili lililetwa na kijana wetu mwenye kibanda cha kutengeneza simu. Kazi yake nyingine ni kuwatilia watu nyimbo katika flashi na kadi za simu, na mwenye baa moja humlipa kila wiki ampangie nyimbo za jioni: ipi itangulie, ipi ifuate, ipi iwekwe watu wakiwa wengi. Kijana huyu baba yake amefariki, naye ndiye amlishaye mama yake na kuwalipia karo wadogo zake wawili. Akauliza: "Mimi sinywi, siuzi, wala mlango wa baa siuingii. Nazipanga nyimbo hapa kibandani, naye huja kuichukua flashi yake. Je, pesa hizi ni halali au ni haramu?" Tukamjibu kuwa hiyo ni shubuha, na kama aweza kuiacha na aiache. Akashukuru akaenda zake. Na jibu la namna hiyo, ndugu zetu, ni sawa na kumpa mwenye njaa sahani iliyofunikwa, ndani yake hamna kitu.

Siku ya soko, wakati wa adhuhuri, mmoja wetu aliingia katika hoteli ile kutaka chai. Alimkuta msomaji asoma kwa sauti nzuri katika spika, na chini ya spika wachuuzi wawili wabishana bei ya beberu, na dereva apiga kelele katika simu yake, na mtumishi atangaza jikoni chapati mbili na maharagwe. Mteja mmoja akasema, "Punguza hiyo redio kidogo." Hakusema kwa dharau, alikuwa hajui. Pembezoni alikuwapo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, Mkristo, mtu wa heshima zake, akamwinamia ndugu yetu akamwuliza: "Haya si maneno ya Mungu wenu? Mbona mwayaacha yakanyagwe hivi? Sisi kanisani kikisomwa kitabu, hapana anayetafuna."

Ndugu yetu hakuwa na la kumjibu, wala sisi alipotuletea khabari hatukuwa nalo.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Aaraf, aya ya 204, kwamba Kurani inaposomwa tuisikilize na tunyamaze, ili tupate kurehemewa. Baadhi ya wafasiri wameihusisha aya hii na Sala na khutba, na wengine wameiacha katika upana wake. Lakini hapana hata mmoja wao aliyefahamu katika aya hii kwamba Kurani yafaa kuwa kitu cha kuifunika kelele ya vikombe. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Kihanafi walikwisha kusema zamani, kabla ya spika wala umeme, kwamba mwenye kusoma Kurani kwa sauti kubwa mahali ambapo watu wameshughulika na kazi zao, dhambi ya kutosikilizwa ni juu yake msomaji, si juu yao. Basi ikiwa hivyo kwa msomaji mwenye kinywa na ulimi, vipi kwa sisi tuliofungulia mashine na tukaenda kukaanga mandazi?

Hapa yataka tufahamu vizuri, kwani ndipo ulipo mzizi wa suala zima. Lugha yetu ya Kiswahili imepambanua baina ya kusikia na kusikiliza. Kusikia ni kwa sikio, hata kama moyo uko kwingine. Kusikiliza ni kuuelekeza moyo. Maulamaa nao wamepambanua hivyo hivyo kwa Kiarabu, na Ibn Taymiyya aliyefariki mwaka 1328 ni katika walioieleza tofauti hiyo kwa urefu. Imepokewa na Abu Daud kwamba Abdallah bin Umar alipita njiani pamoja na Nafii, akasikia filimbi ya mchungaji, akaziba masikio yake kwa vidole, akaiacha njia, akawa amwuliza Nafii kama angali aisikia, mpaka aliposema kwamba haisikii tena, ndipo alipoondoa vidole, na akasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alifanya mfano wa hayo. Abu Daud mwenyewe ameitia ila hadithi hii, na wengine wameikubali. Lakini waliotoa mafunzo ndani yake wametazama jambo moja zuri: Ibn Umar hakumwamrisha Nafii azibe masikio. Nafii alisikia, kwa kuwa aliulizwa, lakini hakusikiliza. Hata sisi huku Kyuso, ambako mchungaji wa mbuzi hakosekani njiani, jambo hili twalielewa bila ya tafsiri.

Sasa, sauti ya hotelini imewekwa kwa ajili ya kusikiwa, haikuwekwa isikilizwe. Hiyo ndiyo sanaa yake. Huko Marekani, mwaka 1934, afisa mmoja wa jeshi aitwaye George Squier aliianzisha kampuni ya Muzak, iliyowauzia wenye hoteli na maduka na viwanda muziki wa kupita katika nyaya, uliotengenezwa makusudi usimshughulishe mtu, bali ukae nyuma ya mazungumzo yake kama rangi ya ukuta. Basi ikiwa kazi ya sauti hii ni kusikiwa bila ya kusikilizwa, na amri ya Kurani ni kusikilizwa, hivi vitu viwili havikai katika spika moja. Sisi tulidhani twaitukuza Kurani kwa kuipa nafasi ya benga, kumbe twaishusha, twaipa kazi ya benga. (Na wale ndugu zetu walioifanya Kurani kuwa mlio wa simu, ikakatwa katikati ya aya kwa kidole cha mtu aliye msalani, nao na wajitazame.)

Kwa hiyo jibu letu la mwanzo twalirudisha. Ndugu yetu na aisome Kurani kabla ya kufungua hoteli yake, au aifungulie baada ya wateja kuondoka, akae aisikilize yeye na watumishi wake wapendao. Hiyo ni baraka. Mchana wa soko, la.

Wako waliosema darasani: "Afadhali Kurani isiyosikilizwa kuliko nyimbo zinazosikilizwa." Maneno haya yapendeza, lakini yamejengwa juu ya dhana kwamba hapana kitu cha tatu. Redio ina khabari, ina bei za mazao, ina mazungumzo ya afya na kilimo, ina mpira siku za mpira. Na kimya nacho ni kitu. Wazee wa pwani walikunywa kahawa kwa miaka mingi bila ya kuwekewa chombo, na mazungumzo yao yalikuwa ndiyo sauti ya mgahawa. Ilipofika mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay akatiwa sauti yake katika santuri, na santuri hizo zikaenea pwani nzima, na migahawa iliyokuwa na gramafoni ikawavuta watu. Desturi ya mwenye chai kununua chombo ili jirani asimshinde ni ya tangu babu zetu. Haikuanza na Musyi FM.

Ama nyimbo zenyewe zenye ala, twataka kusema ukweli ulivyo, wala hatutaki kumficha mtu khitilafu iliyomo. Jamhuri ya maulamaa wamezikataza ala za muziki, na hoja zao kubwa ni aya ya 6 ya Suratu Luqman, ambayo Ibn Masud aliifasiri kuwa ni uimbaji, na hadithi iliyomo katika Bukhari ya watu watakaozihalalisha ala pamoja na tembo na zinaa na hariri. Ibn Hazm wa Andalusi, aliyefariki mwaka 1064, aliitia ila sanadi ya hadithi hiyo, na Ibn Hajar akaja baadaye akaiunga kwa njia nyingine. Imam Ghazali katika Ihya amepambanua: ametazama maneno ya wimbo, na ala, na hali ya msikilizaji, na mahali. Na sote twaijua hadithi ya wasichana wawili walioimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Abu Bakar akawakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Darasa letu limegawanyika katika jambo hili, na tumekubaliana kutogawanyika kwa ajili yake. Tuliyomshauri ndugu yetu ni kwamba ajiepushe na yenye khitilafu maadamu ana njia nyingine. Na mtumishi wake Mkristo akiimba jikoni nyimbo za kwao akisugua sufuria, asimfanye hilo kuwa kesi.

Lakini liko jambo katika nyimbo hizi ambalo halina khitilafu, na twashangaa kuona wenye kubishana juu ya filimbi hawalitaji: wimbo una mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yampa mtunzi, na mwimbaji, na aliyeutengeneza wimbo, haki ya kulipwa unapopigwa mahali pa biashara. Vyama vya kukusanya malipo hayo vimegombana vyenyewe kwa vyenyewe na kupelekana mahakamani, na wasanii wengi hulalamika kwamba yanayowafikia ni makombo; lakini udhaifu wa mkusanyaji hauiondoi haki ya mwenye mali. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zalindwa na sheria yetu, na haijuzu kuzishambulia. Basi kijana anayejaza nyimbo mia katika flashi ya mtu kwa shilingi chache, na nyimbo hizo hakununua wala hakupewa idhini, asiulize kwanza kama gitaa ni haramu. Na aulize kwanza: mali hii ni ya nani?

Hapo tumemfikia kijana wetu.

Tulimwita tukamtaka radhi kwa jibu letu la mwanzo, kisha tukamwomba atueleze kazi yake inavyokwenda, jambo ambalo ilitupasa kuliuliza siku ile ile. Akatueleza bila ya kuficha. Mwenye baa amempa maagizo: mapema, watu wanapoanza kuingia, aweke nyimbo za zamani na za taratibu, wapate kukaa na kutulia na kusahau saa. Ikifika saa tatu za usiku aweke zenye kasi, na sauti iongezwe. Na mwisho wa mwezi, mishahara inapotoka, atengeneze mpango wa peke yake.

Tukatazama tukaona kwamba mwenye baa huyu, ambaye pengine hajasoma kitabu chochote katika jambo hili, ameyajua kwa uzoefu yale ambayo wataalamu wameyapima. Ronald Milliman wa Marekani aliandika mwaka 1982 kwamba katika duka kubwa alilolichunguza, muziki wa polepole uliwafanya watu watembee polepole, na mauzo yakazidi kwa asilimia 38 kuliko siku za muziki wa haraka. Mwaka 1986 akaandika juu ya mkahawa: kwenye muziki wa polepole watu walikaa mezani karibu dakika 56, na kwenye wa haraka 45, chakula walikula sawa sawa, kilichozidi ni vinywaji vya baa. Na huko Ufaransa, Nicolas Guéguen na wenzake walitoa mwaka 2008 uchunguzi wao wa vijana wanaume 40 katika baa mbili. Muziki ulipokuwa wa kiasi, glasi moja ya bia ilichukua karibu dakika 14 na nusu. Sauti ilipopandishwa, ikachukua 11 na nusu, na glasi zikazidi. Wanywaji wale hawakujua kwamba wapimwa, wala hapana aliyewaambia wanywe.

Kijana wetu alikuwa ametuambia: "Wangekunywa hata bila ya nyimbo zangu." Ni kweli, wangekunywa. Lakini si kiasi hicho, wala si kwa haraka hiyo; na kama nyimbo zake hazizidishi kitu, mwenye baa asingempa pesa kila wiki, kwani watu wa biashara ile hawajulikani kwa kutoa sadaka.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi na wengine, amewalaani watu kumi kwa sababu ya tembo, na katika hao mnywaji ni mmoja tu. Wengine ni mkamuaji, na mbebaji, na anayebebewa, na mmiminaji, na muuzaji, na mla thamani yake, na mfano wao. Hatumo katika kumlaani mtu. Twataka kutazama kwa nini mmiminaji ametajwa, naye hakulikamua wala hakuliuza wala hakulinywa. Ametajwa kwa kuwa mkono wake ndio unaolileta tembo karibu na kinywa. Na nyimbo zilizopangwa ili glasi iishe kwa dakika 11 badala ya 14, mpangaji wake ni mmiminaji asiyeshika chupa. Atamimina naye yuko kibandani, mlango wa baa hajauingia. Mwenyezi Mungu amesema katika Suratul Maida, aya ya pili, tusisaidiane katika dhambi na uadui, na kusaidia hakuhitaji kuwapo mahali penyewe.

Basi jibu letu kwake sasa ni la wazi: malipo yale si shubuha. Ni haramu, na ayaache. Na hapa kazi yake si kama ya ndugu yetu wa chai, hata kama wote wawili wangepiga wimbo mmoja, kwani chai anayekaa nayo sana haondoki hajui njia ya nyumbani.

Na madhara yake hayahitaji kutafutwa mbali. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliwawekea wenye baa saa zao, kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 5 usiku katika siku za kazi. Na kanuni za kelele za mwaka 2009 zilikataza sauti inayowaudhi majirani. Sote twajua jinsi sheria hizo zinavyoheshimiwa. Lakini twajua pia nyumba ambazo mwisho wa mwezi karo hurudi nusu, na mama ambaye huikisia saa ya mumewe kurudi kwa kuisikiliza spika ya baa, ikinyamaza ndipo ateleke maji. Wengi wao si Waislamu, nao ni majirani zetu, na haki ya jirani haikuwekewa sharti la dini.

Kijana alinyamaza kwa muda, kisha akasema neno lililotunyamazisha sisi: "Mmenijibu, masheikh zangu, na nimekubali. Lakini karo ya wadogo zangu haikubali wala haikatai, yangoja tu."

Hakukosea. Mara ngapi tumemfungia mtu mlango wa haramu tukamwacha nje usiku, tusimwonyeshe hata dirisha la halali? Tulikubaliana usiku ule ule tusimwachie jambo hili peke yake. Kibanda chake ki karibu na ofisi za serikali na shule, na watu wa hapa huenda mpaka Mwingi kwa kutafuta nakala za karatasi zao mashine za hapa zinapoharibika. Akipata mashine ya kutolea nakala, hata iliyokwisha kutumika, pamoja na kazi yake ya simu, atayapata yale aliyokuwa akiyapata kwa mwenye baa na pengine zaidi. Mwenye hoteli, ambaye mauzo yake yamepungua kidogo tangu aanze kufungulia khabari na mazungumzo peke yake, wala hatutaki kumdanganya mtu kwamba yamezidi, ndiye aliyetoa wa kwanza. Yule mwalimu mstaafu naye aliposikia alileta mchango wake, akasema ni wa chai aliyoinywa bila ya kulipa, nasi twajua kwamba hakuna chai aliyoinywa bila ya kulipa.

Flashi ya mwenye baa imekwisha kurudishwa. Mashine haijanunuliwa, kwani fedha iliyopatikana haijafika nusu, na muhula wa shule umekaribia. Aliye na uwezo na amwone mweka hazina wa darasa baada ya Sala ya Ijumaa, na aliye mbali na ampe msafiri wa kuaminika. Suala la tatu, lililoletwa na ndugu yetu wa Ngomeni juu ya zaka ya mbuzi waliofiwa na malisho, tutalijibu katika toleo lijalo, Inshallah.